Delbert, Mfuta Kanda wa Burbank

Siku hizi vijana wanakuja hapa Burbank wakitafuta michezo ya zamani ya televisheni. Wanataka ile ya mchana, ya maswali na zawadi, ya enzi ambazo mama zao walipiga pasi huku wakimfokea mshindani kwenye kioo: "Fungua kabati la pili, mjinga wewe, la pili!" Wanataka kuirudisha hewani ili watu wazima wapate cha kulilia. Wanaambiwa haipo. Wakiuliza ilikwenda wapi, wanaambiwa ilifutwa, kanda baada ya kanda, miaka na miaka.

Mmoja wao alikuja kula kantini kwangu mwaka jana. Aliweka kijiko chini akasema, "Nani mpumbavu aliyefanya kazi hiyo?"

Kwenye meza ya pili palikuwa na mzee anachovya mkate wa mahindi kwenye maharage. Hakuinua kichwa.

"Mimi," akasema, akaendelea kuchovya.

Huyo ni shemeji yangu, Delbert Yoakum. Alimwoa dada yangu Twyla. Kijana yule alifikiri mzee anamtania, akacheka. Delbert hatanii. Sijawahi kumsikia akitania tangu tulipokuwa watoto kwenye mashamba ya pamba karibu na Bakersfield, wazazi wetu wote wakiwa wametoka Oklahoma na vumbi lao masikioni. Alikuwa mvulana wa kubeba vitu bila kuulizwa. Amezeeka hivyo hivyo.

Kituo cha televisheni cha hapa kilimwajiri alipotoka jeshini, wakamshusha chini ya ardhi, kwenye ghala la kanda. Kanda za wakati ule si hizi za kutia mfukoni. Zilikuwa na upana wa vidole vitatu, zimezungushwa kwenye gurudumu kubwa kama sinia, na moja tu ukiibeba mkono unakuuma hadi jioni. Bei yake ilimtoa mhasibu jasho. Kwa hiyo mchezo ukisharushwa, kanda ilirudishwa kwa Delbert. Yeye aliilaza juu ya mashine ya sumaku, akabonyeza, mashine ikanguruma, akaizungusha polepole, akaigeuza upande wa pili, akaizungusha tena. Basi. Vicheko, vifijo, mama aliyezimia kwa kupewa jokofu, vyote kwisha. Kanda ikapanda juu ikiwa tupu, ikanase mama mwingine na jokofu lingine.

Kabla ya kubonyeza alivua saa. Sumaku ile huua saa. Alipokuwa mgeni wa kazi aliua mbili, akajifunza. Alikuwa akiivua bila kuitazama, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani, na kama kuna mtu karibu alimpa amshikie.

Wala hakuna aliyeona kuwa ni hasara. Nani anahifadhi gazeti la jana? Mchezo wa mchana ulikuwa kama donati: umeliwa, umeisha, kesho zitakaangwa nyingine.

Dada yangu Twyla ndiye aliyekuwa akiipenda michezo hiyo. Alianza na ile ya redio, enzi za mtangazaji kumwaga sarafu za fedha mezani ili watu wazisikie zinavyolia. Televisheni ilipoingia, donge la zawadi likakua. Watu waliingizwa kwenye vibanda vya vioo wakatafuna midomo wakitafuta majibu, na nchi nzima ikanyamaza kuwasikiliza. Twyla alijibu pamoja nao kwa sauti ya kuamsha majirani. Kisha ikagundulika kwamba baadhi ya wale mabingwa walipewa majibu mapema, na hata kile kitambaa cha kujifutia jasho walielekezwa wakitoe lini. Kesi, magazeti, wakubwa wa serikali wakanguruma, sheria ikatungwa. Baada ya hapo vituo vikawa kama kuku aliyeona mwewe. Zawadi zikapungua, zikawa makochi na saa za mkononi. Na kituo cha Delbert kikaweka kanuni: mfanyakazi wetu, na mkewe, na mumewe, na yeyote wa damu yake, asicheze mchezo wetu wowote. Akigundulika, mfanyakazi anafukuzwa na kiinua mgongo chake kinakwenda na maji.

Twyla aliipokea kanuni hiyo kama tusi la nguoni. Nakumbuka jioni moja tupo mezani kwao, ametengeneza viazi.

"Mtu anapanda basi kutoka Ohio, anacheza," akasema. "Mimi nikianika nguo uani nasikia watu wanavyopiga makofi studio, nisicheze. Kisa? Nimeolewa na mfuta kanda!"

"Ni kanuni," akasema Delbert.

"Kanuni imhusu mwenye majibu. Wewe mume wangu unajua jibu gani? Jina la gavana wetu unalijua?"

"Nalijua."

"Mtaje."

Delbert akakata kiazi. Twyla akanigeukia. "Umemwona? Huyu ndiye wanayemwogopa."

"Tumia jina la baba," nikamwambia. "Wewe si Ledbetter? Na anwani yangu utaweka. Mimi si mfanyakazi wao." Kantini si ya kituo. Sisi kituo kilitupangisha jiko tu.

Twyla akaacha uma. "Oleta, mara moja moja una akili."

"Wakikuuliza habari za mume?" nikamuuliza.

"Nitasema litakalonijia mdomoni."

Nikamtazama Delbert. Akaomba chumvi.

Basi akaenda. Ilikuwa mwaka wa sitini na nane, kwenye mchezo ulioitwa Kabati la Bahati: unajibu maswali, ukipata unachagua kabati la kufungua. Mimi siku hiyo nilikuwa nagawa chakula cha mchana, na siku uliporushwa pia nilikuwa nagawa chakula cha mchana, ndiyo kazi yenyewe. Delbert alikuwa chini, ambako kulikuwa na televisheni zote za dunia zimelala kwenye maboksi na hakuna hata moja inayowaka. Hatukumwona, si mimi si yeye. Tulichoona ni Twyla kuingia kantini na mashavu mekundu, akaketi karibu na mumewe kama mgeni asiyemjua, na chini ya meza akamfunga saa mkononi. Saa ya kiume, ya rangi ya dhahabu.

"Nimepata hiyo na sofa," akanong'ona. "Gari lilikuwa kabati la tatu. Mimi nikafungua la kwanza kama mjinga."

Delbert aliitazama saa. "Nzito," akasema. Kwa Delbert hiyo ni hotuba.

Sofa lililetwa kwangu, kwa kuwa anwani ilikuwa yangu, na halikuthubutu kuhamia kwao. Lipo hadi leo, la rangi ya haradali, linachoma mapaja.

Miaka minne baadaye Twyla akaugua ugonjwa wa damu. Haikuchukua muda. Tulimzika siku ya joto, watu wa kanisani wakaleta sahani zao za tambi na jibini mpaka jokofu likakataa kufungika. Delbert alisimama mlangoni akipokea sahani na kusema asante. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani. Kesho yake alikwenda kazini. Ungemchoma sindano angekuuliza kama umemaliza.

Wambea wa mtaani walisema hakumpenda. Mmoja alinijia na neno hilo kantini, nikamwambia supu imekwisha, na ilikuwa inachemka mbele ya macho yake. Lakini kweli, hata mimi nilichoka kumtazama. Nilikuwa nataka mtu wa kulia naye, nikapewa kabati.

Halafu jambo lingine. Twyla alikuwa na meno ya mbele yaliyopishana, akiona kamera anaziba mdomo. Picha zake tunazo tatu, zote mkono usoni. Sauti yake hatukuwa nayo kabisa. Siku nimekwenda kurudisha sahani za watu nikamwambia Delbert, "Nimeanza kusahau alivyokuwa akicheka."

Alikuwa anafunga mfuko wa takataka. "Kanda yake ipo," akasema.

"Kanda gani?"

"Ya kabati. Sijaifuta."

Mtu huyu! Miaka yote ile kila ilipoagizwa kanda za mchezo ule zifutwe, yeye aliisogeza ile moja nyuma ya rafu, nyuma kabisa, kwenye bomba la maji. Hakumwambia hata Twyla. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuuliza.

"Waombe wakupe."

"Nitawaambia ni ya nani?"

Kweli, aseme nini? Kwamba yule Bi Ledbetter asiye na uhusiano na mtu alikuwa mkewe? Alikuwa amebakiza miaka michache apate kiinua mgongo.

Ikakaa hapo nyuma ya bomba hadi mwaka wa sabini na nne. Kabati la Bahati likasitishwa, watazamaji wamelichoka, na ghala likapata mkubwa mpya, Bwana Thayer, kijana wa miwani anayepiga watu mgongoni. Bwana Thayer akaamuru kanda zote za mchezo ule zifutwe ifikapo Ijumaa, na Ijumaa jioni atapita yeye mwenyewe rafu kwa rafu, mbele na nyuma, kuhakikisha.

Delbert alinipa habari hiyo Jumatano akiwa kwenye foleni ya chakula, sinia mkononi, kama mtu anayesema kesho kuna mawingu.

"Basi tunaiiba," nikasema.

"Tunaiiba," akasema. Nikampa nyama.

Mpango ulikuwa wangu. Kila Ijumaa mchana nilikuwa nashusha toroli la mikate kwa watu wa chini wasiopenda kupanda kula. Toroli lina rafu ya chini na kitambaa kinachoning'inia pande zote. Mlinzi ananijua, akinikagua atakula maneno. Kanda ingepanda na toroli, ikatoka na mapipa ya mabaki hadi gari langu.

"Utaichezesha kwenye nini?" Delbert akaniuliza. Swali halali. Mashine ya kuonyeshea kanda hizo ilikuwa kama makabati mawili ya nguo yamebanana, na kituo kizima kilikuwa nazo chache.

"Nitaiweka chini ya kitanda. Nitajua ipo. Ni dada yangu, Delbert."

"Sawa."

"Lakini kwanza tuione."

Akafikiri. "Kuna Baca."

Ignacio Baca alikuwa mwendesha mashine, mtu wa New Mexico, mnene, mpole, anayejua siri za nusu ya jengo kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba yupo chumbani. Nilimwahidi pai nzima ya tufaha. Akasema, "Bi Oleta, kwa pai hiyo nitakuonyesha hata kanda ya siku ya kiama."

Ijumaa saa ya chakula wakubwa walipotoka, Baca akafunga mlango na kuivisha mashine kanda. Delbert alisimama. Nilimwambia akae, akasema yuko sawa. Mimi nilikuwa na leso nimeishika tayari.

Ukaja muziki wa tarumbeta, zikaja rangi kali kali, akaja Rex Lanphier mwendesha mchezo na meno yake. Kisha pazia likapanda, na dada yangu akatoka.

Alikuwa amevaa gauni langu la kijani. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwazima. Alitembea kwa haraka kama anayekwenda kuzima jiko. Na hakuziba mdomo. Kwa taa zote zile alisahau, au aliamua, sijui, lakini meno yalikuwa nje, yamepishana, mazuri.

"Anapendeza," Baca akasema. Hakuwa akimfahamu.

"Bi Twyla Ledbetter!" akasema yule Lanphier. "Wa hapa hapa Burbank! Niambie, Bi Twyla, kuna bwana yeyote anayekutazama leo huko nyumbani?"

"Hakuna, bwana. Sina mume."

"Mrembo kama wewe!"

"Sina na sitafuti. Nimeshawaona wa wenzangu."

Studio nzima ikacheka. Twyla naye akacheka, kile kicheko chenyewe, kinachoanzia puani. Nilikuwa nimekitafuta miaka miwili. Nikageuka kumtazama Delbert. Alikuwa anatazama kioo kama anavyotazama lebo za maboksi.

Maswali yakaja, akajibu kama bunduki: mto, rais, aina ya unga. Akachagua kabati la kwanza. Likafunguliwa, kuna sofa langu la haradali, na juu yake, kwenye mto wa hariri, saa.

"Ehe!" akasema Lanphier. "Saa ya kiume! Na wewe huna mwanamume! Sasa hii utaipeleka wapi?"

Twyla akaitazama saa. Alinyamaza kidogo, kidogo tu, nafasi ya kuvuta pumzi moja.

"Nitaiuza," akasema.

Watu wakaangua kicheko, wengine wakasimama. Lanphier akajifuta machozi. Muziki ukapigwa, Twyla akapunga mkono, akatoka upande ule ule aliotokea, haraka. Likaja tangazo la sabuni.

Baca akazima. Chumba kikabaki na mlio wa feni za mashine.

"Alikuwa anaikwepa kanuni," nikasema. "Tulipanga hivyo mezani, ulikuwepo. Angesema nini tena?"

"Nilikuwepo," akasema Delbert.

"Ni mzaha tu."

"Ulikuwa mzaha mzuri. Walicheka."

Akaivua kanda mwenyewe, akaitia kwenye boksi lake, akamshukuru Baca. Tukatokea ukumbini, yeye na boksi, mimi nikisukuma toroli. Nilikuwa nimeshainua kitambaa cha rafu ya chini. Nafasi niliiandaa tangu asubuhi, nimetandika mifuko ya unga chini isigongane na chuma.

Tulipofika mlango wa ghala akasimama. Akaliweka boksi sakafuni. Akafungua mkanda wa saa, akaivua, akaninyooshea.

"Nishikie," akasema.

Hapo nilijua. Mtu havui saa ili aibe.

"Delbert, usinifanyie hivyo."

Mkono wake ukabaki palepale, saa inaning'inia.

"Umeharibikiwa kichwa? Ni dada yangu yule! Sauti yake, meno yake, gauni langu! Kama wewe hutaki, nipe mimi. Hujaniuliza hata kama nataka!"

"Unataka?"

"Nataka! Nimesema nataka!"

Alifikiri. Namwona bado anavyofikiri, mdomo umefunga, macho kwenye mikate yangu.

"Watu wakiipata siku moja," akasema, "watamwona hana mume."

"Watu gani? Chini ya kitanda changu kuna watu?"

"Wewe utakufa, Oleta. Kitanda kitauzwa."

Nilitaka kumpiga na mkate. Nilikuwa na mikate ya kutosha.

"Saa hakuiuza," akasema.

Jibu nililipata kesho yake, na kesho kutwa, nina majibu mazuri sana mpaka leo, ningeyaandika yangejaa ukuta. Lakini pale ukumbini nilinyoosha mkono nikaipokea saa. Akaokota boksi akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, mlango ule una chuma cha kuuzuia usipige kelele.

Ningeweza kuingia. Haukuwa na kufuli. Nilisimama nimeshika toroli kwa mkono mmoja na saa kwa mkono wa pili. Saa ilikuwa na joto lake. Ndani mashine ikanguruma. Ikanyamaza, hapo anageuza. Ikanguruma tena.

Fundi mmoja wa taa akapita, akachukua mkate wa siagi ya karanga, akaniuliza kama nimeona mzimu. Nikamwambia aende zake, na alipe.

Delbert akatoka. Uso ni ule ule wa asubuhi, na wa siku ya mazishi, na wa viazi. Akaninyooshea mkono, kiganja juu, nimfunge. Nikaifunga saa, nikauvuta mkanda tundu moja zaidi ya alipozoea, imbane. Aliona. Tundu lile hajalirudisha mpaka leo, na mkono wake siku hizi umekonda kiasi kwamba sasa inamkaa sawa.

"Maharage yapo?" akauliza.

"Yapo."

Tukapanda, mimi mbele na toroli, yeye nyuma akilisukuma kwenye njia ya mteremko bila kuombwa.